"Dull": kisu kilianza au akili?

Mdau ameuliza kwa nini Waingereza wanasema "dull" kwa kisu, kwa hali ya hewa, kwa maumivu na kwa mtoto mzito darasani, na ipi kati ya maana hizo ilitangulia. Mimi ni mfasiri, na neno hili liliwahi kuniaibisha, kwa hiyo nina la kusema.

Wengi tungebeti kwenye kisu. Kumbe akili! Kiingereza cha kale kilikuwa na "dol", yaani mpumbavu, na "dull" ilipoanza kuandikwa, mnamo 1200, ilimhusu mtu asiye na akili. Kisu butu kikafuata muda si mrefu, halafu rangi iliyofifia. Maana ya kuchosha, ile ya hotuba inayokufanya uhesabu vigae vya sakafu, ilichelewa sana. Ndiyo maana naona tulidanganywa shuleni kuhusu yule Jack wa methali ya Kiingereza, ambaye kazi bila mchezo humfanya awe kijana "dull". Methali imo katika mkusanyiko wa mwandishi James Howell wa 1659, na mimi namsoma Jack kama kijana aliyepoteza wepesi wa akili. Mwalimu wetu alisema anawachosha wenzake.

Wajerumani wana ndugu wa neno hili, "toll". Zamani lilimaanisha mwenye wazimu, na mpaka leo kichaa cha mbwa wanakiita Tollwut. Lakini kijana wa Berlin akikwambia "toll!" anakusifu.

Sasa aibu yangu. Nilipewa fomu ya wagonjwa niitafsiri, nikafika kwenye maumivu "dull", nikaandika "maumivu butu" nikaendelea zangu. Siku ya kuijaribu muuguzi akamsomea mama mmoja mtu mzima: "Mama, maumivu yako ni makali au butu?" Mama akamtazama, akanitazama na mimi. "Mwanangu, kwani nimekwambia nimechomwa kisu?" Tukamwomba aeleze mwenyewe. Akaweka kiganja kiunoni: "Yapo tu, yananiuma chini kwa chini." Nikafuta langu, nikaandika lake.

Kwa hiyo usitafute neno moja la Kiswahili. Kisu ni butu, rangi imepauka, mtoto ni mzito wa kuelewa, siku ni ya mawingu. Linalosogea karibu ni "doro", kama soko likiwa doro, ila sijawahi kusikia mtu akilalamikia kisu doro.