Kishika uchumba cha mapazia

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta nimepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi. Mmeuliza: mteja akiagiza kitu mtandaoni kisha akaghairi, na muuzaji ameshaingia gharama, hasara abebe nani? Wauzaji wenzangu najua watakavyojibu, tena kwa hasira. Mimi nauza mapazia na mashuka hapa Dodoma, huu mwaka wa sita, na jibu langu ni hili: kama mkasi haujapita, nabeba mimi. Ukishapita, abebe aliyenipa vipimo.

Nieleze mapazia kwanza, maana ndiyo yaliyonifundisha. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, nyumba zimeota Ilazo, Kisasa, Iyumbu na kuelekea Mtumba ziliko wizara. Mtu akihamia nyumba mpya anaweza kulala chini mwezi mzima asione shida, lakini dirisha tupu usiku, taa ikiwaka, jirani anaona mpaka ukubwa wa tonge lako. Kwa hiyo anahamia Jumamosi, Jumapili asubuhi ananitumia picha ya dirisha. Sina duka. Picha zangu ziko Instagram na kwenye tovuti moja ya matangazo ya kuuza na kununua, mazungumzo yote WhatsApp, na kitambaa nakiagiza Kariakoo, kinakuja kwa basi, nakifuata stendi ya Nanenane.

Mwaka juzi mama mmoja wa Ilazo alipenda pazia la rangi ya maziwa lenye maua ya kijivu kwa chini. Madirisha matano. Alinitumia vipimo kwa futi, nikavigeuza mita, nikampigia kuhakikisha. Dirisha la mita 1.5 halili kitambaa cha mita 1.5. Linataka mita 3, la sivyo pazia linaning'inia kama shuka kwenye kamba, halina mikunjo. Makubwa matatu, madogo mawili ya mita 1.2, jumla kama mita 14. Kitambaa shilingi 12,000 kwa mita, hiyo 168,000. Fundi 45,000, ringi 20,000. Nilimwambia 310,000 pamoja na kwenda kumfungia, akajibu, "Sawa mpenzi, anza tu, hela ipo." Sikumwomba hata shilingi mia. Ameniita mpenzi, mimi nikaona yameisha.

Siku ya nne fundi amemaliza, nimeyapiga pasi, nimeyakunja kwenye mfuko. Natuma picha. Tiki mbili za bluu. Kimya. Jioni ukaingia ujumbe: "Dada samahani sana, mume wangu anasema rangi inashika uchafu, si unajua vumbi la Dodoma. Labda mwakani." Vumbi la Dodoma nalijua. Lilikuwepo pia siku anaagiza.

Nilimpigia, hakupokea. Kumshtaki? Makubaliano tulikuwa nayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema mkataba haukosi nguvu kwa sababu tu umefanyika kwa njia ya kielektroniki, na ile "anza tu" yake ninayo kwenye simu mpaka leo. Lakini kwa 233,000 nani ataacha kazi siku kadhaa azunguke mahakamani? Mapazia nikayaning'iniza sebuleni kwangu wiki mbili nikiyatangaza, hadi kaka mmoja wa Kikuyu (Kikuyu yetu ya hapa mjini, si kule kwa majirani) akachukua ya madirisha manne kwa 150,000. Madirisha yake mafupi, nikamlipa fundi tena apandishe pindo. La tano liko jikoni kwangu hadi sasa, na yule mume alisema kweli: linashika uchafu.

Shuka ni habari nyingine. Shuka lililorudi likiwa kwenye mfuko wake wa nailoni, kesho nalipiga picha namuuzia mwingine. Kijana mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, aliagiza seti nzima, boda akaipandisha mpaka getini, "niko kwenye kipindi kaka, nisubiri dakika kumi", mara simu imezimwa. Nilichopoteza ni nauli ya kwenda na kurudi, na kazi ya kumbembeleza yule kaka wa boda, ambaye aliapa habebi tena mzigo wa mwanafunzi. Inauma, ila si ya kumwandikia mhariri.

Wenzetu walioanza zamani wameshayatenganisha haya mawili. Nina binamu yuko Leicester, Uingereza. Huyo anaagiza jozi mbili za viatu vilevile, saizi tofauti, anajipima chumbani, jozi moja anairudisha. Sheria ya kule inampa siku 14 tangu apokee mzigo kusema hautaki, bila kueleza kwa nini, na nchi za Umoja wa Ulaya nazo ni siku hizohizo 14. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2002, ni siku 7. Nilipomsimulia binamu mapazia yangu nilitegemea anicheke. Akaniambia hata kule kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vya mteja hakimo kwenye siku 14. Kwa hiyo wale wanaopenda kutuambia kwamba Ulaya mteja anarudisha chochote, wamesikia nusu. Hata nauli ya kurudisha mzigo hulipa mteja mwenyewe, isipokuwa muuzaji amejitolea au hakumwambia mapema.

Wachina nao walishika upande wa hela. Alipay ilianza mwaka 2004 kwa ajili ya wanunuzi wa Taobao: unalipa, hela inakaa kwa wa katikati, muuzaji anaipata ukithibitisha mzigo umefika. Hapa kwetu, kwa sisi tunaomalizana WhatsApp, wa katikati ni boda. Yeye ndiye anayesimama mlangoni na mfuko wangu mkono mmoja na simu mkono wa pili, ananiuliza, "Dada, anasema atatuma baadaye, nimwachie?" Kazi ya benki nzima, kwa nauli ya 3,000.

Ila kuna jambo ambalo sheria ya nchi yoyote hailigusi, nalo ni adabu yetu. Hatujui kusema sitaki. Mtu akikwambia "niwekee hiyo", "nitakucheki", "mwisho wa mwezi Mungu akipenda", anakuaga. Muuzaji mgeni anaandika oda. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba anayenunua kweli haniiti mpenzi wala mamii, anauliza maswali ya kuchosha: likifuliwa linarudi? Ringi zinapita kwenye fimbo nene? Nikuletee fimbo yangu ya zamani uione? Swali la fimbo likija, naanza kutafuta futi yangu ya kupimia. Na anayeagiza tarehe 8 akiwa mtumishi wa umma, namsikiliza kwa heshima zote, kisha nasubiri ipite tarehe 20 na kitu nimuulize tena.

Sisi wauzaji nasi tuna yetu, na wateja wakiyasema tunanuna. Picha ya kitambaa umeiba kwa mtu wa Dubai. Bei "njoo inbox", kana kwamba ni siri ya ukoo. Nauli haitajwi mpaka boda yuko getini. Sheria ileile ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aeleze bidhaa na gharama zake kabla mteja hajakubali, lakini nani kati yetu anafanya? Mtu aliyeambiwa 80,000, akifika mlangoni anadaiwa 87,000, akarudisha mzigo, huyo hajaghairi. Amegoma, na ana haki. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga picha kitambaa cha kijivu chini ya taa nyeupe ya fundi, kikatoka bluu. Mama wa Makole aliposema siyo hii, nilikata maneno nikamrudishia hela yake, mkasi au la.

Sasa nafanya hivi. Kabla kitambaa hakijakatwa, mteja analipa hela ya kitambaa chote. Ufundi na faida yangu atanipa nikishamfungia. Akighairi kabla ya mkasi, namrudishia yote, simkati kitu. Akighairi baada ya mkasi, kitambaa amekinunua, aje akichukue. Zamani niliita advansi, watu wakawa wanakimbia. Nikaanza kuita kishika uchumba, wanacheka, halafu wanatuma. Sijui kwa nini neno moja lifanye kazi hiyo, labda kwa sababu kila mtu anajua kwamba ukishatoa kishika uchumba huwezi kuondoka kimyakimya, lazima uje useme.

Wapo wanaokataa, na siwalaumu. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na kutuma 168,000 kwa mtu usiyewahi kumwona si mchezo. Kwa hao narekodi video ya kitambaa, naandika jina la mteja kwenye karatasi naiweka juu yake, na nawaelekeza kwa fundi wangu Chang'ombe waende wakashike kwa mikono yao. Akienda na bado akakataa, tunaagana vizuri. Sijakata kitu.

Yule mama wa Ilazo nilimsema sana, kwa fundi, kwa dada zangu, hadi kwenye kikoba. Halafu mwaka jana niliagiza seti ya sufuria saba kwa dada mmoja wa Kariakoo, 95,000. Nilikuwa nimeshanunua kwake mara mbili, akasema nitamlipa mzigo ukifika. Kesho yake napita soko la Majengo, sufuria zilezile, mifuniko ileile, 80,000. Nikasimama pembeni ya muuza nyanya, nikaandika: "Dada samahani sana, mume wangu amekataa."

Mhariri, sina mume. Sijawahi kuwa naye.

Akajibu hapohapo, bila hasira yoyote: "Pole dada. Mzigo uko kwenye basi, kondakta anasema wameshapita Chalinze." Nilikaa nikiitazama ile meseji, nikamkumbuka fundi wangu akipandisha pindo mara ya pili. Saa kumi jioni nikaenda Nanenane, nikazibeba sufuria zangu, na nikamtumia 95,000 na ya kutolea.