Kabla hujafunga hiyo mota mpya kwenye bagi yako

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri. Una bagi ya rimoti, yaani gari dogo la kuchezea, la ukubwa wa 1:10 (sehemu ya kumi ya gari halisi), inayovuta magurudumu yote manne, bado ina mota yake ya brashi ya saizi ya 540. Umenunua mota isiyo na brashi ya 3300 kV, mota tupu, na unataka kujua itaenda kasi gani na kama kuna kingine cha kubadilisha. Umesema pia unaichezea ufukweni hapo Lindi. Mimi niko Mtwara, gari langu ni la aina hiyohiyo, mwaka wa nne sasa, na nilianza palepale unapoanzia wewe. Nivumilie, jibu ni refu.

La haraka kwanza: hiyo mota haitazunguka kwa ESC uliyo nayo, yaani kile kiboksi kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota. Mota ya brashi ina waya mbili, brashi zake za kaboni ndizo zinazogeuza umeme ndani. Isiyo na brashi ina waya tatu, na kazi ya kugeuza umeme inafanywa na ESC yenyewe, kwa zamu, koili hadi koili. Kwa hiyo unahitaji ESC ya mota zisizo na brashi, na kwa ukubwa huo chukua ya ampea 60. Ukishafunga ukakuta gari linarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mota haina waya wa sensa (ule wa ziada unaoiambia ESC mota imefika wapi), badilishana waya zozote mbili kati ya zile tatu, basi.

Kufunga mota ni rahisi mno. Mota isiyo na brashi ya saizi ya 3650 ina kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 50, karibu sawa kabisa na 540. Skrubu zilezile za milimita 3, matundu yaleyale, shafti ileile ya milimita 3.17. Inakaa kana kwamba iliundwa na gari. Urahisi huo ndio ulionifanya nisifikirie kitu kingine chochote.

Yangu ilikuja na basi kutoka Dar, jamaa yangu aliinunua Kariakoo. Ijumaa usiku nikaifunga, Jumamosi maji yalipokupwa tukashuka ufukwe wa Shangani mimi na mpwa wangu. Betri ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ule mchanga mgumu uliolowa, gari linakwenda mpaka linakuwa nukta, watoto wanalikimbilia. Betri ya pili haikufika katikati: nikasikia mlio kama mtu anasaga karanga, mota inalia, gari limesimama. Gia kubwa ya plastiki, ile tunayoiita spa, ilikuwa imenyolewa meno karibu theluthi ya mzunguko. Nikaagiza spa ya chuma. Wiki iliyofuata shafti ya nyuma ikajipinda kama kamba. Nikaweka shafti nene. Zikafuata gia ndogo za ndani ya difu, ile inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Kila nilipoimarisha sehemu moja, nguvu ilihamia kwa jirani yake aliye dhaifu.

Sababu yake ni hii. Watu wanatazama kasi, lakini kinachovunja vyuma ni ule mshtuko wa kuondoka. Mota ya 540 ya kawaida inaondoka taratibu. Isiyo na brashi ikipewa betri nzuri inatoa nguvu yake nyingi pale pale unapobonyeza, na gari likiwa limeruka na kutua tairi zikiwa bado zinazunguka, ule mshiko wa ghafla unarudi wote kwenye gia. ESC nyingi zina mpangilio wa nguvu ya kuondokea, kwa kawaida ngazi kadhaa. Weka ngazi ya chini kabisa mwezi wa kwanza. Haigharimu kitu.

Halafu baki na spa ya plastiki. Nalisema hili nikijua wengi humu watapinga. Mimi nilitoa ile ya chuma nikarudisha plastiki kwa makusudi, kwa sababu spa ndiyo fyuzi ya gari. Kitu kikikwama, afadhali ikatike hiyo, ambayo ni bei ndogo na unaibadilisha kwa skrubu chache, kuliko difu ambayo mpaka ulifungue gari zima. Pinioni, yaani gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, ndiyo iwe ya chuma. Ukinunua pinioni hakikisha kipimo cha meno. Meno ya pichi 48 na ya moduli 0.6 ukiyatazama kwa macho ni mamoja, lakini hayaoani, na yatakula spa mpya ndani ya dakika. Mimi nilitumiwa isiyo yangu mara moja, nikaifunga bila kupima. Tangu hapo naweka pinioni mpya na spa mkononi, nazibiringisha pamoja polepole kabla sijafunga chochote.

Nafasi kati ya gia hizo mbili ipange kwa karatasi ya daftari. Kata ukanda mwembamba, upitishe kati ya meno, sukuma mota mpaka ikamatane, kaza skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjika kama ngazi lakini haijachanika, umepatia. Ikichanika, umebana mno. Na skrubu za mota zipake gundi ya kukazia nati, ile ya bluu inayofunguka kwa spana. Mtetemo wa mota hizi unalegeza kila kitu cha chuma kilichofungwa kwenye chuma.

Sasa kasi, maana ndilo uliloliulizia. Hiyo kV si kilovolti, ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haina mzigo. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili ni volti 7.4, kwa hiyo 3300 mara 7.4 ni mizunguko 24,420. Gari langu lina spa ya meno 58, na ndani ya difu uwiano ni 2.6. Nikifunga pinioni ya meno 16: 58 gawanya kwa 16, mara 2.6, mota inazunguka mara 9.4 ili tairi izunguke mara moja. Tairi yangu ina kipenyo cha milimita 85, mzingo wake ni kama milimita 267. Piga hesabu yote, inakuja kilomita 41 na ushee kwa saa. Pinioni ya meno 20 inatoa karibu 52. Hizo ni za kwenye karatasi, barabarani inapungua kwa sababu ya mzigo na upepo.

Lakini mkuu, sisi hatuchezei lami. Kwenye mchanga mlaini pinioni ya 20 ilinipa gari zito, linalohema, na baada ya dakika nne mota haishikiki. Mota iliyofungiwa gia ndefu, yaani pinioni kubwa, haifiki kwenye mizunguko yake, inavuta ampea nyingi muda wote, na joto la koili linapanda kwa mraba wa ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Nikashuka mpaka 13. Hesabu inasema kilomita 34 hivi, na pale kwenye mchanga gari likawa linakwenda haraka kuliko lilivyokuwa na ile ya 20, kwa sababu sasa mota inapumua. Naomba ulijaribu hili kwa mikono yako, maana kwa maneno halikubaliki kirahisi. Anza na pinioni ndogo, cheza dakika tatu, pima joto. Kama mota bado ni ya uvuguvugu, panda jino moja. Usipande mawili.

Kupima joto: kile kipimajoto cha kuelekeza usoni cha wakati wa korona hakifai, kiliundwa kwa joto la mwili na kinaishia nyuzi arobaini na kitu. Kama huna cha mafundi, weka kidole kwenye ganda la mota uhesabu. Ukishindwa kufika tatu, imepita 60, pumzika. Sumaku za kawaida za neodimiamu zikikaribia nyuzi 80 na kuendelea zinaanza kupoteza nguvu, na hazirudi zikipoa. Na huku kwetu Desemba gari linaanza safari likiwa tayari lina joto. Zamani nilikuwa naondoka saa tisa mchana, sasa nashuka saa kumi na moja.

Na hapa ndipo nakuomba usimame kabisa: chumvi. Ufukwe ni mtamu, ila ndio unaoua haya magari kuliko mota yoyote. Mchanga unaingia kwenye beringi, chumvi inafuata na unyevu, na siku tatu baadaye beringi ambayo ilikuwa inazunguka kwa pumzi imeganda. Mimi nilipoteza beringi nane kwa mpigo kwa sababu nilirudi jioni nimechoka nikaliweka gari uvunguni. Maji ya bahari yenyewe usiyaguse hata kama ESC imeandikwa haiingii maji. Kuna tofauti kubwa kati ya maji ya mvua na ya bahari, ya bahari yanapitisha umeme na yanakula lehemu.

Kwa hiyo, ukishapata ESC, fedha ya kwanza iende kwenye beringi. Magari mengi ya bei nafuu yanakuja na bushi za plastiki, na hizo zinaliwa na mchanga mpaka gurudumu linacheza. Fungua, pima kwa vernia, langu lilitaka za milimita 10 kwa 15 kwa 4 na 5 kwa 10 kwa 4. Chukua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, si cha bati, bati linapitisha vumbi. Ukirudi nyumbani, piga brashi kavu kwanza, mswaki wa zamani unatosha, kisha futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Usimwagie ndoo. Maji ya kisima cha kwetu yana chumvichumvi, natumia ya mvua. Toa magurudumu, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi, zungusha, futa yanayozidi.

Grisi au oili iwe ndani ya difu tu, kule kulikofungwa. Spa na pinioni ziache kavu. Nilipozipaka grisi nikidhani nazihurumia, mchanga ulinata ukawa msasa. Mpwa wangu ndiye aliyeniambia tufunike tumbo la gari kwa soksi ya nailoni ya akina mama, imefungwa chini ya bodi. Vumbi linabaki nje, hewa inapita. Nyuma ya magurudumu nimekata vipande vya tyubu ya pikipiki vikinge mchanga unaorushwa. Vyote viwili vimedumu kuliko vifaa vilivyokuja na gari.

Baada ya beringi, shafti za chuma kigumu. Pini za gurudumu ni milimita 2, na spoku ya baiskeli inaingia sawasawa, lakini inapinda siku hiyohiyo. Nilikata shina la biti ya drili ya milimita 2, hiyo imekaa mpaka leo. Kisha fungua difu, toa ile grisi ya kiwandani, weka oili ya silikoni: mimi natumia ya uzito wa 7,000 mbele na 5,000 nyuma. Sevo (mota ndogo ya usukani) ya gia za chuma itafuata, si ya haraka.

Mikono ya aluminiamu, ile inayoshika magurudumu, usinunue. Inapendeza machoni, lakini plastiki ya nailoni ikigonga inainama na kurudi, aluminiamu ikiinama inabaki hivyo, au inapeleka pigo kwenye chasisi. Kipande pekee cha aluminiamu ninachokitetea ni kile kinachoshika mota, kwa sababu kinavuta joto. Vivyo hivyo mota yenye waya wa sensa: inaondoka laini sana, naikubali kwa uwanja msafi, lakini kile kiplagi chake kidogo kwenye ufukwe kinashika kutu mapema. Kwa kwetu chukua isiyo na sensa.

Betri baki seli mbili. Seli tatu ni volti 11.1, mota hiyohiyo inakwenda mizunguko 36,630, na kila nilichokueleza hapo juu kinaongezeka. ESC ipange ikate umeme seli ikifika volti 3.2. Chaji kwa ampea sawa na ukubwa wake, betri ya mAh 5000 kwa ampea 5, na usiiache ikiwa imejaa volti 4.2 kwa seli ukisubiri wikiendi nyingine, ishushe mpaka 3.8. Mimi nachajia ndani ya chungu kipana cha udongo kilichotiwa mchanga mkavu, kibarazani, na sitoki. Ikivimba, hata kidogo, imekwisha. Plagi kalehemu kwa fundi redio mwenye pasi yenye moto wa kutosha, lehemu iliyoshika juujuu ndiyo inayoyeyuka gari likiwa mbali.

Sasa nisaidie nikusaidie: hesabu meno ya spa yako na ya pinioni iliyopo, pima kipenyo cha tairi, na ukifungua difu zungusha gia ndogo inayoiendesha uone inazunguka mara ngapi mpaka gia kubwa ya difu imalize duara moja. Lete hizo namba nne hapa, nitakupigia hesabu uanze na pinioni ya meno mangapi kabla hujaagiza.