Ramani ya uoto wa kandokando ya mto: anza na kalenda

Vijana wanaosomea mazingira huniuliza watumie programu gani kuchora ramani ya uoto wa kandokando ya mto. QGIS ni ya bure na inatosha. Anayependa kuandika kodi aende Google Earth Engine. Hilo limeisha. Mimi nikipewa kazi kama hiyo huuliza kwanza: picha za mwezi gani?

Tuchukue mito ya Mpologoma na Manafwa, huku mashariki mwa Uganda ninakofanyia kazi. Mafunjo mengi ya mabonde haya yamefyekwa, pakalimwa mpunga. Ukifungua picha ya setilaiti ya Sentinel-2 iliyopigwa mpunga ukiwa umestawi, vyote viwili ni kijani kibichi, na NDVI, ile hesabu ya kupima ukijani wa mimea, inavipa alama zinazokaribiana. Subiri miezi michache. Mafunjo bado ni yale yale, maana mizizi imo majini hata wakati wa kiangazi. Mpunga umekwisha kugeuka manjano na kuvunwa, na jaruba limebaki mabua na tope.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri uliozagaa kwamba ukusanye picha za mwaka mzima, uzichanganye kwa mediani, yaani thamani ya katikati, upate picha moja safi isiyo na mawingu. Picha inapendeza kweli, ila umefuta kile kile ulichokuwa unakitafuta. Kwa kila pikseli, yaani kila kiraka kidogo kinachounda picha, chukua pia NDVI ya chini na ya juu ya mwaka huo. Kwenye mpunga pengo ni kubwa, kwenye mafunjo ni dogo. Lakini ondoa mawingu kwa makini kabla ya hesabu hiyo, kwani kawingu kamoja kakisalia kanashusha NDVI, nawe utadhani watu wamevuna.

Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, tumia rada ya setilaiti ya Sentinel-1, ambayo haizuiliwi na mawingu. Jaruba lililojazwa maji kabla ya kupandikiza miche huonekana jeusi kwenye rada, kwa sababu maji yaliyotulia huyatupa mawimbi upande mwingine, yasiirudie setilaiti iliyoyatuma. Miche ikikua, weusi unafifia. Mafunjo hayana mabadiliko makubwa ya namna hiyo.

Jambo la pili ni upana. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zinataka ukanda wa mita 100 uachwe kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Pikseli ya Sentinel-2 katika rangi zake kuu ni mita 10, kwa hiyo ukanda wa kijito ni pikseli tatu tu, na mara nyingi moja kati yake imechanganyika na maji, nyingine na shamba la mtu. Kwa setilaiti za Landsat, zenye pikseli za mita 30, ukanda mzima ni pikseli moja. Landsat naiheshimu kwa historia yake ndefu, lakini usinitajie hekta za ukanda wa kijito ulizozipima nayo.

Ukienda uwandani, pita kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mtu anayezunguka na GPS kwenye mpunga anadhaniwa amekuja kuhamisha watu, na hofu hiyo ina sababu zake. Ukishajitambulisha, omba mkulima akutembeze. Mzee mmoja wa Butaleja alisimama nami kwenye tuta la jaruba, akanyoosha kidole kwenye kipande ambacho kwenye skrini yangu kilikuwa rangi moja. "Pale ni magimbi ya mama mmoja," akasema. "Yale mafupi ni mafunjo yaliyokatwa ya kusukia mikeka, yanachipua. Nyuma yake ndiyo mazima." Huwezi kuingia katikati ya mafunjo, kwa hiyo watu hurekodi pointi waliposimama, yaani kwenye tuta, kisha wanaiita mafunjo. Andika uelekeo wa dira na umbali, halafu nyumbani isogeze pointi hadi ndani ya kichaka.

Ramani ya uoto nayo si ramani ya makazi ya wanyama. Nzohe, swala wa mabwawani, anataka mafunjo mazito ya kujificha. Korongo taji hutaga bwawani lakini hutafuta chakula penye nyasi fupi na mashambani, hivyo kwake mpaka kati ya bwawa na shamba ni muhimu kuliko ukubwa wa mafunjo. Amua unamchorea nani kabla ya kugawa makundi ya uoto.

Halafu kuna asilimia ya usahihi wa ramani. Ikiwa sehemu kubwa ya eneo lako ni mpunga, utapata alama nzuri hata kama umekosea nusu ya mafunjo. Onyesha usahihi wa kila kundi peke yake, na kwa majaribio tenga majaruba mazima, si pikseli za jaruba lile lile ulilotumia kuifundisha programu kutambua mimea.