Nipake grisi gani kwenye kontakti ndogo zinazoteleza?

Swali: Natengeneza mikisa za sauti na vyombo vya kupimia umeme vya zamani. Swichi za kuzungusha zina kontakti zilizopakwa fedha, volyumu zina njia ya kaboni, na zote zinakwaruza na kukatakata. Nikipuliza dawa ya kusafishia hutulia wiki chache, kisha tatizo linarudi. Nimeshauriwa nipake grisi inayopitisha umeme, kwa sababu grisi ya kawaida itazuia mkondo. Ni kweli?

Jibu: Grisi inayopitisha umeme usiipake hapo hata kidogo. Ndani yake mna unga wa fedha, shaba au kaboni, na mahali pake ni kwenye viungio vilivyokazwa kwa boliti, ambavyo havitembei. Kwenye swichi ya kuzungusha, ulimi, yaani kipande cha metali kinachoteleza juu ya kontakti, utauburuza unga huo kutoka kontakti moja hadi jirani yake, na baada ya mizunguko michache utakuwa daraja la umeme. Katika chombo cha kupimia chenye ukinzani wa megaomu kadhaa, daraja dogo la namna hiyo linatosha kuharibu vipimo vyote.

Hofu ya grisi kuzuia mkondo inaeleweka, ila metali hazigusani jinsi tunavyoziona kwa macho. Hata uso uliong'arishwa una vilima na mabonde madogo sana. Zinapokutana kontakti mbili, vinagusana vilima vichache tu, na kwa kuwa nguvu yote ya springi inaangukia hapo, oili iliyo kwenye grisi hukamuliwa pembeni. Umeme unapita metali kwa metali. Oili inabaki mabondeni, ikizuia salfa ya hewani na unyevu visiifikie fedha, na ikipunguza kukwanguana. Hiyo ndiyo kazi yake.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la dawa yako kudumu wiki chache. Kiyeyusho huhamisha uchafu, kisha hukauka na kuiacha fedha uchi. Weusi wa salfa unarudi, na kila mzunguko unakwangua metali kavu. Tena vumbi la metali lililokwanguliwa limebaki mle mle ndani.

Kuzuia mkondo kunaweza kutokea kweli pale ulimi unapobana kwa nguvu ndogo. Springi inayobana kwa uzito wa gramu 50 au zaidi hupenya grisi laini bila shida. Ulimi wa gramu chache, kama ule unaogusa pete za kuzunguka katika vyombo vya kupimia, unaweza kuelea juu ya grisi nzito, hasa kukiwa na baridi au ukizungushwa haraka. Basi kadiri ulimi unavyobana kidogo, ndivyo kilainishi kinavyotakiwa kuwa chepesi. Kwa ndimi dhaifu kabisa tumia oili tupu, grisi iache.

Tukija kwenye aina, kwa kazi yako chaguo la kwanza ni oili au grisi laini ya polialfaolefini, inayoandikwa PAO kwenye lebo, iliyokusudiwa kontakti za umeme. Haigandi upesi, haina ugomvi na plastiki nyingi, na inafaa fedha, shaba na bati. Iepushe na mpira wa asili na ule wa EPDM, maana huuvimbisha. Oili za esta hulainisha vizuri sana lakini hupasua polikaboneti, ABS na polistirini, na miili ya swichi nyingi ni plastiki za jamii hiyo. Oili ya polifenili etha inasifika kwenye kontakti za dhahabu kwa kuwa haitambai wala haikauki kirahisi, ila nayo ipime kwanza kwenye plastiki. Ya perfluoropolietha, yaani PFPE, haidhuru karibu plastiki yoyote na huvumilia joto kubwa. Kasoro yake ni kwamba haichanganyiki na oili nyingine wala haiondoki kwa spirti. Ukiipaka juu ya mabaki ya grisi ya zamani haitashika, na ukitaka kuitoa baadaye utahitaji kiyeyusho maalumu chenye florini.

Silikoni ndiyo ninayokusihi uikwepe kuliko zote. Inatambaa hadi mahali ambapo hukuipaka, na penye cheche hugeuka silika, yaani kitu cha jamii ya mchanga: kihami kinachokwangua. Hata mvuke wake ndani ya kasha lililofungwa unaweza kuharibu rilei za jirani, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Grisi za gari nazo ziache. Viongezi vya salfa vinavyozisaidia kubeba mzigo huishambulia fedha na shaba. Mafuta ya mgando huyeyuka chombo kikipata joto na kutiririka, na grafiti hurudisha shida ile ile ya daraja la umeme.

Sasa kazi yenyewe. Zima chombo, chomoa waya, na uhakikishe kapasita kubwa hazina chaji. Mabaki ya grisi yatoe kwanza kwa nafta nyepesi, ile inayotiwa kwenye viberiti vya mafuta. Fanya hivyo penye hewa na mbali na moto, na uijaribu kwanza kwenye kona ya plastiki isiyoonekana. Wengi huanza na spirti ya isopropili, lakini hiyo haiyeyushi grisi vizuri. Itumie ya 99% katika hatua ya pili. Kata ukanda wa karatasi ngumu isiyochanika ovyo, ulowanishe kwa isopropili, upitishe kati ya ulimi na kontakti, kisha uvute taratibu. Rudia kwa ukanda mpya hadi utoke mweupe. Msasa usiuguse: tabaka la dhahabu mara nyingi halifiki mikroni 1, na la fedha nalo halihimili kusuguliwa. Acha pakauke nusu saa.

Kipimo cha kupaka ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Chovya ncha ya pini, gusa kila kontakti, kisha zungusha swichi kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20. Utando unaong'aa kidogo unatosha. Ukiona kichuguu cha grisi mbele ya ulimi, umezidisha, na hicho kitakusanya vumbi lote. Kwa swichi yenye kontakti nyingi, changanya sehemu 1 ya oili ya PAO na sehemu 20 za nafta, paka kwa brashi laini, uache nafta iruke; utabaki utando mwembamba ulio sawa kote.

Volyumu ya kaboni inahitaji upole zaidi. Asetoni ni marufuku, kwa sababu huyeyusha gundi inayoshikilia kaboni. Safisha njia kwa kijiti cha pamba chenye isopropili kidogo bila kukandamiza, kisha paka oili kiasi cha kuibadilisha rangi tu. Grisi nzito iliyo kwenye shina la kuzungushia iache ilivyo. Iliwekwa ili kitufe kizunguke kwa uzito mzuri. Ukiioshea ndani, itasambaa juu ya njia ya kaboni na kuuinua ulimi.

Kuhakiki swichi, mita ya kawaida haisaidii kwa sababu waya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko wa kontakti. Pitisha mkondo wa miliampea 100 kwenye kontakti kupitia rezista, kisha pima volti moja kwa moja kwenye ncha zake: kila milivolti 1 ni miliomu 10. Zungusha na kurudi mara kumi. Namba ikirukaruka, kuna uchafu uliobaki au springi imelegea.

Kwenye volyumu, ikiwa imetolewa kwenye chombo, weka volti 5 za DC (umeme wa mkondo mmoja) kwenye ncha mbili za njia na uangalie ulimi kwa osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, huku ukizungusha polepole. Miiba ikitokea mahali pale pale kila mara, kaboni imekwisha hapo na hakuna oili itakayoirudisha, badilisha volyumu. Osiloskopu ikionyesha mstari safi lakini mikisa bado inakwaruza, irudishe volyumu mahali pake na upime DC kati ya ulimi na ardhi ya saketi chombo kikiwa kimewashwa. Ukikuta zaidi ya milivolti chache, inayovuja ni kapasita ya kuzuia DC iliyo kabla au baada ya volyumu, na ndiyo ya kubadilisha.