Futi kamba haidanganyi: nilivyorudisha miguu yangu baada ya TB

Jumatano usiku, nimeshafunika cherehani na niko jikoni naosha vyombo, ukaingia ujumbe wa msomaji mmoja wa Singida. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Dada, nimemaliza dozi ya TB mwezi uliopita, makohozi safi. Lakini nikipanda ngazi tatu nahema, mapaja yamekwisha. Nyumbani wanasema nipumzike mwaka mzima. Rafiki zangu wanasema nikakimbie nitoe sumu mwilini. Nimsikilize nani?"

Usimsikilize yeyote kati yao, mdogo wangu. Nisikilize mimi. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ushauri wote huo niliufuata, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili ulinilaza kitandani.

Wanaonisoma kwa ajili ya mishono wananijua kama fundi wa hapa Morogoro. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa jogging. Kila Jumapili alfajiri tulitoka na klabu yetu, fulana za njano, filimbi na nyimbo, tunakwenda mpaka Bigwa na kurudi. Mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo. Uliza mtu yeyote.

Kikohozi kilinianza mwezi wa tano. Nikakitibu kwa tangawizi, kwa dawa ya maji, kwa vidonge vya duka la dawa, kila kitu isipokuwa kwenda kupima. Wiki ya saba shuka ninayolalia ilikuwa inakamuliwa jasho asubuhi. Nilipofika kliniki mzani ulisoma kilo 49. Nilikuwa na 64. Nikaanzishiwa dawa siku hiyohiyo: miezi miwili vidonge vyenye dawa nne ndani yake, kisha miezi minne vyenye dawa mbili. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, nikapiga kelele chooni, baadaye sista wa kliniki akanicheka na kuniambia ni rifampisini tu inapita. Sehemu hiyo ya kumeza dawa haina hadithi. Unameza, unatapika kidogo, unameza tena kesho.

Hadithi ipo kwenye gauni. Nilijipunguzia gauni langu la kitenge mara mbili kwa mkono wangu. Mara ya tatu mshono ukagoma, kitambaa kilikuwa kimejikunja ndani mpaka kikawa kama kamba ubavuni. Nikachukua futi kamba, nikafungua daftari la vipimo nilipokuwa nimejiandikia suruali ya mazoezi mwaka uliotangulia. Paja la kulia, shibiri moja juu ya goti: inchi 22. Nikazungusha futi. Inchi 18 na robo. Nikapima upya nikidhani nimevuta sana. Inchi 18 na robo. Nikajaribu kukanyaga pedeli ya cherehani nishone pindo la mteja, nikashindwa kumaliza upande mmoja. Nililia siku ile kuliko siku niliyopewa majibu.

Hakuna aliyeniambia kwamba dawa za TB zinaua vijidudu, basi. Hazishoni nyama upya. Mwili unapopigana na ugonjwa kwa miezi, homa inachoma kila kitu na hamu ya kula inaondoka, kwa hiyo mwili unageukia ghala lake, na ghala lenyewe ni misuli. Unaivunja protini ya mapaja, ya matako, ya mabega, na sehemu yake inakwenda kulisha askari wa kinga ya mwili. Kuna kitu kinaitwa glutamini, chakula kikubwa cha chembe nyeupe za damu, na hazina yake kubwa imo kwenye misuli. Kwa hiyo mtu anayekuambia misuli ni urembo wa vijana wa jimu, mwambie ndiyo stoo ya kinga yako.

Na kulala nako kunakula. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2007 jaribio ambalo silisahau: wazee 12 wazima wa afya, wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani siku 10 tu. Miguuni peke yake walipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Hao hawakuwa na homa wala kikohozi. Mimi nililala wiki ngapi?

Aliyenilaza ni shangazi yangu, na hapa inabidi niseme kwa adabu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wangu wa dawa. Kila asubuhi saa moja alikaa mbele yangu na glasi ya maji mpaka nimeze na nifungue mdomo aone. Bila yeye ningeacha dozi mwezi wa pili kama wengi wanavyoacha. Lakini shangazi huyohuyo aliniondolea ufagio mkononi. "Mwanangu, kifua hakitaki tabu." Maji ya kuoga nililetewa, nguo nilifuliwa. Na kikombe changu, cha bati chenye ua jekundu, kilitengwa kwenye msumari wake peke yake na kikakaa pale hata baada ya mimi kupona. TB inasafiri hewani, haikai kwenye kikombe. Nimemweleza mara ngapi. Kikombe bado kipo kwenye msumari, na mimi bado nakiangalia.

Imani ya kwamba mwenye TB apone kwa kulala ni ya zamani kuliko dawa zenyewe. Wazungu walijenga hospitali milimani ili watu walale humo miaka. Kilichoivunja ni kazi iliyofanyika Madras, India, ikachapishwa mwaka 1959. Wagonjwa wa kundi moja walilazwa, wakapumzika, wakala vizuri. Wa kundi la pili walipewa dawa zilezile wakarudi kwenye nyumba zao za kimaskini, wakala pungufu, wakahangaika na shughuli zao. Waliopona walikaribiana kabisa. Dawa ndiyo iliyotibu, kitanda hakikuongeza kitu. Nilimsomea shangazi habari hiyo. Akaniuliza hao Wahindi walikuwa na shangazi?

Basi mwezi wa pili makohozi yakasoma safi, na mimi kichwa kikavimba. Wiki mbili baadaye, Jumapili, nikavaa fulana ya njano inayonipwaya kama kanzu na kwenda kusimama na klabu. Kiongozi wetu wa mazoezi, ambaye sitamtaja, alinipiga mgongoni: "Jasho ndilo linatoa ugonjwa, twende!" Nikaenda. Kufika Bigwa nilifika, kwa ubishi tu. Kurudi nilirudishwa na bodaboda. Usiku homa, mwili mzima kama umetwangwa, siku nne sijanyanyuka. Nilidhani TB imerudi. Kliniki wakapiga picha ya kifua, wakapima makohozi tena, hakuna kitu. Sista akanitazama juu ya miwani: "Mama, hiyo miguu ya kukimbilia uliitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Na nilipofungua simu nikakuta nimeshatolewa kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Kumbe habari ya kliniki ilikuwa imewafikia. Watu niliowaimbia miaka minne. Kwa wakati ule sikuwa namwambukiza mtu, lakini nani aliuliza?

Hilo la jasho kutoa ugonjwa nataka nilizike hapa leo. Mwaka 1987, baada ya Los Angeles Marathon, mtafiti David Nieman, naye mkimbiaji, aliwauliza zaidi ya wakimbiaji 2,000 habari za afya zao. Kati ya waliokimbia, asilimia 12.9 waliugua mafua na kikohozi ndani ya wiki moja. Kati ya waliojiandaa vilevile lakini siku hiyo hawakukimbia, asilimia 2.2. Tangu hapo wataalamu wanabishana. Wengine wanasema chembe nyeupe zinazopungua kwenye damu baada ya mbio hazijafa, zimehamia kwenye mapafu na viungo vingine kulinda doria, na kinachougulisha watu ni msongamano, safari na kukosa usingizi. Mabishano hayo nawaachia wenyewe. Ila Nieman aliwauliza watu wazima wenye mapaja yao kamili. Wewe una inchi 18.

Sista ndiye aliyenipa dawa ambayo haiko kwenye boksi. Alivuta kiti cha plastiki akakiegemeza ukutani kisiteleze. "Mikono kifuani. Simama. Kaa." Nikasimama, nikakaa. Mara ya tatu magoti yakaanza kutetemeka mpaka miguu ya kiti ikawa inagonga sakafu, tak-tak-tak, wagonjwa kwenye benchi wananitazama. Mara ya tano sikuweza. Akaandika 4 kwenye karatasi. "Nne ndiyo yako. Nyumbani fanya nne, pumzika, fanya nne, pumzika, fanya nne. Kesho yake acha. Keshokutwa rudia."

Ndiyo siri yote, mdogo wangu wa Singida. Kaa, simama. Najua ulitaka kitu kikubwa zaidi.

Nilipokuja kusoma nikakuta hata hili si jipya. Kule Uingereza, kwenye hospitali ya TB ya Frimley, daktari Marcus Paterson alichoka kuona wagonjwa wanatoka wodini wamenenepa lakini hawawezi kazi, mtaani wanaitwa wavivu. Miaka ya 1900 mwanzoni, dawa hazijagunduliwa, akaanza kuwatembeza: nusu maili kwanza, taratibu mpaka maili 10. Wakiweza, kikapu cha udongo. Kisha koleo dogo, kisha kubwa, kisha sururu. Homa ikipanda, kitandani. Nadharia yake ya kwa nini inasaidia ilikuja kuonekana haina mashiko, maana aliamini kazi inamchanja mgonjwa kwa sumu ya vijidudu vyake mwenyewe. Lakini ngazi zake zile, kikapu kabla ya koleo, ndizo nilizopanda mimi na ndoo zangu.

Wiki ya tatu nilifika 8. Nikaongeza ndoo ya lita 5 kila mkono, kutoka bombani mpaka mlangoni. Wiki ya sita nikaanza kutembea mpaka Soko la Chifu Kingalu, kwa kipimo kimoja: nikishindwa kumsalimia mtu sentensi nzima bila kukata pumzi, nimezidisha, napunguza mwendo. Siku ya mazoezi, siku ya kupumzika. Siku ambayo mwili umekataa, nilikaa nikasimama mara moja nikaenda kushona. Usidharau mara moja.

Na kula. Supu ya kongoro ya shangazi ni tamu, ila ukimaliza kunywa maji yake na nyama ukawaachia watoto umekunywa harufu. Kula mayai, dagaa, maharage, maziwa, karanga. Nyama ya paja haijengwi kwa uji mweupe.

Misuli inapojikunja haifanyi kazi ya kubeba tu. Mtafiti wa Copenhagen, Bente Klarlund Pedersen, na wenzake walionyesha kwamba inamwaga kwenye damu kemikali zake, na mwaka 2003 wakapendekeza ziitwe mayokini. Ya kwanza kufahamika vizuri ni interlukini-6, ambayo ikitoka kwenye msuli unaofanya kazi inasaidia kutuliza ule uvimbe wa ndani unaobaki baada ya ugonjwa. Nikisimama kwenye kiti nilikuwa najiambia: mapaja yanaongea na damu. Mteja mmoja alinisikia akadhani nimechanganyikiwa.

Kuna anayesema haya ni ya wenye TB, yeye ana kitu kingine. Haya. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika zaidi Canada na Australia, wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kupewa dawa. Nusu walipewa vitabu vya ushauri wa afya. Nusu waliwekewa mtu wa kuwasimamia mazoezi miaka mitatu, na wengi wao walikuwa wanatembea kwa haraka tu. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 80.3 kwa wenye mazoezi, 73.9 kwa wenye vitabu. Tazameni hapo, wanawake wenzangu mnaosubiri mpone ndipo mnyanyuke! Mnasubiri nani awanyanyue? Tunakaa tunapewa pole mpaka pole inakuwa kazi. Tunaona aibu kutembea barabarani tukiwa wembamba, tunaogopa wataongea. Wataongea. Mimi waliniongelea mpaka wakachoka, na paja langu lilikuwa linaongezeka robo inchi wakati wanaongea.

Ila sikilizeni vizuri, asije mtu akatupa vidonge akakumbatia kiti. Dawa kwanza, mpaka cha mwisho. Ukikohoa damu, ukiwa na homa, kifua kikibana, au kilo zikishuka badala ya kupanda, usisimame kwenye kiti chochote, nenda kliniki.

Leo futi kamba inasoma inchi 21 na nusu. Kwa dakika moja nasimama na kukaa mara 34. Januari nilipanda Morningside, kule juu Uluguru, peke yangu na chupa ya maji, nikakaa kwenye majani nikiutazama mji wote. Nilipiga picha nikaiweka hadharani. Saa mbili hazikupita, kiongozi wa klabu akaandika: "Dada, tumekumiss, Jumapili vipi?" Sijamjibu. Msinishauri.

Gauni la kitenge nimelifumua mishono yote, alama za sindano bado zinaonekana ubavuni, nimeziacha. Na shangazi, ambaye mpaka leo hakubali kwamba nilikuwa sahihi, anakuja jioni nikiwa nafunga kazi, anavuta kile kiti cha plastiki kama vile anataka kupumzika. Jana alifika mara tisa, ameshika ukingo wa cherehani. Nikamwambia bado moja. Akasema hiyo nimfanyie mimi, yeye anakwenda kuangalia maharage.