Hapana, Nobel ya 1985 haikuwa ya Endo
Umeuliza kama Akira Endo, baba wa statini (dawa za kushusha kolesteroli), ndiye aliyepewa Nobel ya kolesteroli mwaka 1985. Siye. Ile ilienda kwa Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, walioonyesha jinsi seli zinavyonasa LDL, yaani chembe zinazobeba kolesteroli, kutoka kwenye damu kwa vipokezi maalumu.

Endo, Mjapani aliyezaliwa 1933, alipita njia nyingine. Akiwa kampuni ya dawa ya Sankyo, Tokyo, alianza 1971 kupekua kuvu, akiamini baadhi yake hutengeneza kemikali inayozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuunda kolesteroli. Yeye na wenzake walipima aina zipatazo 6,000 (huo ni uvumilivu wa ajabu, jamani), na mwaka 1973 wakaipata kemikali ya namna hiyo, kompaktini, katika ukungu uitwao Penicillium citrinum. Furaha haikudumu: panya waliopewa dawa, kolesteroli yao haikushuka, na mradi ukanusurika kufutwa. Kuku wa mayai ndio waliouokoa, maana kwao ilishuka vizuri sana.

Kompaktini yenyewe haikufika sokoni. Statini ya kwanza kuidhinishwa Marekani, 1987, ilikuwa lovastatini ya kampuni ya Merck. Endo alipata tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba 2008 na akafariki 2024 bila Nobel. Mimi naona alipunjwa, hasa ukizingatia kwamba statini hufanya kazi kwa kulilazimisha ini liongeze vipokezi vilevile vya akina Brown.