"Bankrupt" au "insolvent" kwa kampuni inayochelewesha malipo?

Hapana, usiandike "bankrupt". Kwa sheria yetu Kenya neno hilo ni la mtu binafsi. Kampuni isiyoweza kulipa madeni huitwa "insolvent", na hilo nalo ni neno zito: chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mdai anayedai shilingi 100,000 au zaidi akitoa notisi ya maandishi na siku 21 zikapita bila kulipwa, kampuni huhesabiwa imeshindwa kulipa.

Wewe umesema tu wanachelewa kuwalipa wasambazaji. Basi andika "struggling to pay its suppliers", au "cash-strapped" kama unataka neno moja. Hayo yanasema unachokijua, hayamhukumu mtu. Nahariri ripoti za biashara hapa Nairobi, na nimewahi kuona barua ya wakili ikija kwa sababu ya "insolvent" moja iliyowekwa kiholela. Inauma, maana habari yenyewe ilikuwa ya kweli.

Pia usichanganye "in administration" na "in liquidation". Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, iliwekwa chini ya msimamizi ("in administration") Januari 2018, lengo likiwa kuinusuru. Ni Januari 2020 wadai walipopiga kura ivunjwe ("liquidation"). Miaka miwili, maneno mawili tofauti.

Ila ukisoma magazeti ya Marekani utakuta "bankrupt" kwa kampuni bila shida, kwa kuwa sheria yao inaruhusu.